Tumbo Lisafike Kabla ya Kipimo



Wiki hii twajibu barua iliyotufikia kutoka Eldas, katika kaunti ya Wajir. Aliyeiandika ni binti anayemuuguza mama yake mzazi. Mama huyo, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, amekuwa akitokwa na damu chooni kwa miezi kadhaa, na nyumbani wakasema ni bawasiri. Alipozidi kudhoofika, daktari aliandika apelekwe Nairobi akatazamwe utumbo mpana kwa kamera. Mbuzi wakauzwa, nauli ikapatikana, na safari ikaanza: Eldas mpaka Wajir, Wajir mpaka Garissa, Garissa mpaka Nairobi. Kipimo kilipoanza, daktari alikisimamisha baada ya dakika chache. Tumbo halikuwa safi, na hapakuonekana kitu cha maana. Wakaambiwa warudi siku nyingine. Mama sasa asema hatoki tena nyumbani kwake kwa jambo hilo, na binti atuuliza kosa lilikuwa wapi, na nini cha kufanya ili safari ya pili isipotee kama ya kwanza.

Kwanza twampa pole mama, na twamwambia kwamba hayuko peke yake. Hata Ulaya na Marekani, ambako hospitali ziko karibu na maji hutoka mferejini, tafiti nyingi zimeonyesha kuwa katika kila watu wanne au watano wanaofanyiwa kipimo hiki, mmoja hukutwa tumbo lake halikusafika vya kutosha. Basi hapana haja ya lawama. Lakini yako mambo ya maisha ya kila siku, ya jikoni, ya safarini na ya barazani, yanayosaidia dawa ya kusafisha tumbo ifanye kazi au kuizuia. Mengi kati ya hayo yamo mikononi mwa familia yenyewe.

Kwa nini usafi huu wahitajika

Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa kama mita moja na nusu. Daktari huingiza kwa njia ya nyuma mpira mwembamba unaopinda, wenye taa na kamera nchani, akautazama ukuta wa utumbo huo kutoka mwisho mpaka mwanzo. Anachokitafuta ni vidonda, mahali panapovuja damu, na vinyama vidogo vinavyoota ukutani, ambavyo madaktari huviita polipu. Vinyama hivi vingi havina madhara, ila baadhi yake, vikiachwa kwa miaka mingi, hugeuka saratani. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba daktari akiviona huweza kuvikata papo hapo, na ugonjwa ukazuiwa kabla haujazaliwa. Ndiyo maana Marekani, tangu mwaka 2021, wataalamu washauri watu wote waanze kuchunguzwa utumbo mpana wakiwa na miaka 45, hata wasipokuwa na dalili yoyote.

Lakini kinyama chenye ukubwa wa punje ya mtama hujificha chini ya kipande kidogo cha choo. Kwa sababu hiyo madaktari huupa usafi alama. Kipimo cha Boston, kinachotumika katika nchi nyingi, huugawa utumbo mpana sehemu tatu, na kila sehemu hupewa alama kuanzia 0 mpaka 3. Kila sehemu yapasa ipate 2 au zaidi. Ikipungua hapo, kipimo huhesabiwa kuwa hakikutosha, na mgonjwa hutakiwa kukirudia mapema. Kwa mkaazi wa Nairobi, kurudia ni usumbufu wa siku mbili. Kwa mkaazi wa Eldas, aliye zaidi ya kilomita 600 kwa barabara, kurudia ni mbuzi wengine, siku nyingine za kuwaacha watoto, na wakati mwingine ni kutorudi kabisa. Hapo ndipo penye hatari.

Twaongeza neno moja kwa mama zetu. Damu chooni isipewe jina la bawasiri kabla haijatazamwa. Na upungufu wa damu kwa mwanamke si lazima uwe wa uzazi au wa hedhi. Huenda ni utumbo unaovuja kidogo kidogo bila kuonekana. Mwanamke aliyekwisha hedhi kisha akaambiwa damu yake ni ndogo, asiridhike na vidonge vya kuongeza damu pekee. Aulize damu hiyo yapotelea wapi.

Matayarisho huanza wiki mbili kabla

Watu wengi hudhani kazi huanza usiku wa kunywa dawa. Sivyo. Mtu ambaye choo chake ni kigumu, anayekaa siku tatu nne bila kwenda haja, dawa ile ile inayomtosha mwenziwe yeye haimtoshi. Kutopata choo ni miongoni mwa sababu kubwa za tumbo kutosafika, nako kuna mizizi katika mwenendo wetu.

Mzizi wa kwanza ni maji. Kaunti ya Wajir ni kame, na maji ya visima vyake vingi yana chumvi. Mtu hunywa kidogo, tena hunywa chai zaidi kuliko maji, na jua la Eldas humkausha. Mwili unapokosa maji huyafyonza yale yaliyomo katika choo, kikawa kigumu. Anayesubiri kipimo na aongeze maji kila siku, vikombe vinane au zaidi ikiwa daktari hakumkataza kwa sababu ya moyo au figo.

Mzizi wa pili ni chakula. Denis Burkitt, mpasuaji wa Kiayalandi aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi miaka ya 1960, alivutiwa na jambo moja: wanavijiji waliokula nafaka nzima, viazi, kunde na mboga walipata choo kingi na laini, na chakula kilipita tumboni mwao upesi kuliko kwa Waingereza waliokula mkate mweupe na sukari. Maradhi mengi ya utumbo mpana yalikuwa nadra kwa wanavijiji hao. Mwaka 1972 yeye na wenziwe walichapisha vipimo vyao katika jarida la Lancet, na tangu hapo ulimwengu umeongea sana juu ya nyuzinyuzi za chakula. Chakula cha mfugaji tangu jadi ni maziwa na nyama, na siku hizi kimeongezewa wali, baasto na chai yenye sukari nyingi. Nyuzinyuzi humo ni chache. Kwa hivyo, mpaka siku tatu kabla ya kipimo, mama na ale kunde, mboga za majani, papai na ndizi kwa kadiri vinavyopatikana, ili choo kilainike.

Mzizi wa tatu ni miraa. Twajua kuwa jambo hili huzungumzwa zaidi kwa wanaume, ila katika miji ya kaskazini mashariki wako akina mama wanaoiuza na wanaoitafuna pia. Miraa huchelewesha chakula kutoka katika mfuko wa tumbo, hufunga choo, huondoa njaa na kiu, na hukesha mtu. Tena huharakisha mapigo ya moyo na kupandisha shinikizo la damu, mambo ambayo daktari anayempa mgonjwa sindano ya usingizi hana budi kuyajua. Mwenye kutafuna na aache mapema, siku nyingi kabla, na asimfiche daktari. Aibu ya kusema kweli kwa tabibu ni ndogo kuliko hatari ya kuificha.

Mzizi wa nne ni kukaa kitako. Mtu anayetembea, utumbo wake nao hutembea. Mgonjwa anayelala mkekani mchana kutwa, aliyepooza, au mzee asiyetoka ndani, huhitaji matayarisho marefu zaidi, na yafaa daktari aambiwe mapema. Hali kadhalika mwenye kisukari, kwa kuwa maradhi hayo yakikaa muda mrefu huudhoofisha mwendo wa tumbo. Na baadhi ya dawa kali za maumivu hufunga choo kabisa.

Vidonge vya kuongeza damu vyataka uangalizi wa pekee. Madini ya chuma yaliyomo hukifanya choo kuwa cheusi na chenye kunata ukutani kama lami. Kwa kawaida madaktari huagiza viachwe siku tano mpaka saba kabla ya kipimo. Muulizeni daktari juu ya dawa hizo, na juu ya dawa za kisukari na za kuifanya damu kuwa nyepesi. Hizi mbili msiziache wala kuzipunguza kwa rai yenu.

Siku tatu za mwisho: jiko hubadilika

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Nyuzinyuzi tulizozisifu hapo juu, sasa huwa ndizo kikwazo, kwa sababu mabaki yake hubaki utumboni na hata kuuziba mpira wa daktari. Hospitali nyingine huagiza chakula chepesi siku moja tu kabla, nyingine siku mbili au tatu. Kwa mwenye choo kigumu, siku tatu ni salama zaidi.

Vinavyofaa siku hizo ni wali mweupe, baasto, anjera ya unga mweupe, mkate mweupe usio na ufuta juu, mayai, samaki, kuku, na nyama laini kidogo isiyo na mafuta mengi. Chakula cha kawaida cha nyumba nyingi za Eldas chaelekea kufaa kwa siku hizi, na hiyo ni rehema.

Visivyofaa ni maharagwe, kunde, mbaazi, mahindi, sukuma wiki na mboga zote za majani, nazi na machicha yake, korosho na njugu, na matunda yenye mbegu kama pasheni, mapera, nyanya na tikiti. Tende nazo ziachwe, ijapokuwa kwetu ni chakula cha baraka. Ngozi yake ni ngumu kusagika. Na habba soda, ambayo wengi hulamba pamoja na asali kila asubuhi, iachwe kwa juma zima. Mbegu zake ndogo nyeusi hubaki katika mikunjo ya utumbo.

Siku moja kabla ya kipimo, hospitali nyingi huruhusu kifungua kinywa chepesi, kisha hufuata vinywaji vyeupe pekee, yaani vile ambavyo ukivitia katika bilauri waona upande wa pili. Maji, chai ya rangi yenye sukari, kahawa isiyo na maziwa, supu ya mbuzi au kuku iliyochujwa vizuri, na maji ya dafu yaliyochujwa, vyote hivyo vyafaa. Maziwa hayafai, wala chai ya maziwa. Vinywaji vyekundu au vya zambarau, kama Vimto tunayoizoea Ramadhani, viepukwe, maana rangi yake hushabihi damu. Jeli nazo, ambazo karatasi za hospitali hutaja mara nyingi, huenda zimetengenezwa kwa ngozi na mifupa ya nguruwe. Asiyejua asili yake aziache, hana atakachokosa.

Binti ametueleza kuwa mama yake alikunywa maziwa ya ngamia njiani, kwa kuwa yajulikana kulegeza tumbo. Ni kweli kwamba mtu asiyeyazoea huendeshwa. Lakini kuendesha si kusafika. Maziwa huacha utando ukutani, na kamera haioni kitu ndani yake. Vivyo hivyo sanamaki. Ni haluli ya kale, na baadhi ya vidonge vya hospitali hutokana na mmea huo huo, ila kipimo cha ile ya sokoni hakijulikani. Isitumiwe badala ya dawa ya hospitali, wala isiongezwe juu yake.

Dawa na saa zake

Dawa ya kusafisha huja ikiwa poda ya kuchanganywa na maji, na jumla yake huwa kati ya lita mbili na nne. Si tamu, na huchosha. Mama wa barua yetu aliinywa yote kwa mkupuo jioni, akidhani anaimaliza kazi mapema, akalala. Usiku kucha tumbo lake lilizalisha maji mapya ya kahawia yakaufunika ukuta uliokwisha kusafika. Pengine hilo ndilo lililomponza zaidi.

Njia inayoaminika siku hizi ni kuigawa dawa mafungu mawili. Fungu la kwanza hunywewa jioni. La pili huanzwa saa nne mpaka sita kabla ya kipimo, na kumalizwa saa mbili kabla, na baada ya hapo mgonjwa hanywi kitu. Mfano, ikiwa kipimo ni saa 3 asubuhi, fungu la pili laanza kati ya saa 9 usiku na saa 10, na kufikia saa 1 asubuhi kikombe kimewekwa chini. Aliyezoea kuamka kula daku hapati taabu na saa hizo.

Dawa ichanganywe na maji matamu, si ya chumvi. Ikipozwa hunyweka kwa urahisi. Kinywewe kikombe kimoja kila robo saa, na katikati mgonjwa atembee chumbani au uani. Tafiti zimeonyesha kuwa wanaotembea husafika vizuri kuliko wanaolala. Kichefuchefu kikija, apumzike nusu saa kisha aendelee. Wenye maradhi ya figo na moyo wahakikishe daktari ajua, kwani baadhi ya dawa hizi haziwafai. Alama ya kufaulu ni hii: kinachotoka ni maji ya manjano mepesi, hayana vipande, na waona chini ya chombo. Kikiwa bado ni cha kahawia, waelezeni wauguzi kabla ya kuingia chumbani.

Safari ipangwe kwa hesabu

Dawa hii hainyweki ndani ya basi. Atokaye Eldas na afike mjini siku mbili au tatu kabla, apumzike, na alale karibu na hospitali mahali penye choo kisichogombaniwa. Jamaa wa Eastleigh hupokea wageni kwa ukarimu mkubwa, lakini ukarimu huo nao una mtihani wake: mgeni huwekewa bilauri ya maziwa na sinia la nyama, na kukataa huonekana utovu wa adabu. Waambieni wenyeji mapema, kwa simu, kabla hamjaondoka. Ulizieni pia malipo na kibali cha SHA kabla ya safari, si mlangoni.

Karatasi ya maelekezo huandikwa kwa Kiingereza, na hupewa mama ambaye lugha yake ni Kisomali. Hapa ndipo thamani ya binti aliyesoma. Aisome neno kwa neno, aitafsiri, aandike saa ukutani, na akae macho na mgonjwa usiku ule. Wagonjwa wanaoelezwa kwa lugha yao na kukumbushwa husafika zaidi kuliko wanaokabidhiwa karatasi tu. Na ikiwa karatasi ya hospitali yatofautiana na haya tuliyoyaandika, fuateni ya hospitali.

Ibada na sitara

Wengi hutuuliza juu ya sala katika usiku ule wa kwenda chooni mara kwa mara. Sala haiondoki maadamu akili ipo. Mgonjwa na angoje pale tumbo linapotulia kidogo, atawadhe na asali, hata kwa kukaa ikiwa hana nguvu. Asiyepata utulivu kabisa ana hukumu ya mwenye udhuru, naye atawadhe kila wakati wa faradhi unapoingia. Juu ya kuzikusanya sala, amuulize sheikh wake.

Ramadhani, kipimo kisicho cha haraka na kingojee. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa pwani na kaskazini mashariki, kitu kinachoingizwa kwa njia ya nyuma hufunguza saumu, achilia mbali dawa yenyewe inayonywewa. Lakini daktari akisema jambo haliwezi kungoja, mgonjwa ana ruhusa ya sheria kufungua na kulipa baadaye. Asijibebeshe dhambi isiyokuwapo.

Na kuna lile ambalo barua haikulitamka ila tumelisoma kati ya mistari: haya. Mama ameona aibu, na ile aibu imekuwa nzito kuliko ile safari. Twamwambia kwa heshima: ombeni daktari mwanamke, na asipopatikana, ombeni muuguzi mwanamke awepo chumbani. Mgonjwa hufunikwa shuka, na hospitali nyingine hutoa suruali maalumu yenye uwazi mdogo nyuma tu. Binti anaweza kungojea mlangoni, na ni lazima awepo mtu wa kumrudisha, kwa kuwa dawa ya usingizi humlegeza mgonjwa siku nzima. Wanavyuoni wetu wameruhusu kwa dharura ya tiba kile kinachohitajika, kwa kadiri yake. Haya ni katika imani, na kuihifadhi nafsi ni katika makusudio ya sheria. Mawili hayo hayagombani.

Nanyi waume na watoto wa kiume, nafasi yenu ni kubwa. Mama akisikia kwenu kwamba gharama ya mara ya pili si mzigo, atakwenda. Akisikia mguno mmoja tu, atasema amepona.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na azijaalie safari zao ziwe na heri. Wabillahi tawfiq.